Chupa Yanuka Nini? Somo la Kuondoa Harufu Katika Vyombo vya Kunywea

Somo letu la juma hili lahusu jambo ambalo watu wengi hulidharau, nalo ni harufu inayokaa ndani ya chupa ya kunywea hata baada ya chupa hiyo kuoshwa. Yamkini msomaji atacheka na kuuliza kama hakuna jambo kubwa zaidi la kuandikiwa. Twamwomba asubiri kidogo, asikilize kwanza habari ya mtoto mmoja na chupa yake.

Mtoto huyo, aliyekuwa katika darasa la tatu, alinunuliwa na mama yake chupa nzuri ya plastiki yenye kifuniko cha mrija. Kila asubuhi mama alitia ndani yake maji yaliyochemshwa na kupozwa, na mtoto akaenda nayo shuleni. Kila jioni chupa ilirudi tupu, na mama akafurahi kwamba mwanawe anakunywa maji safi. Baada ya majuma machache mtoto akashikwa na tumbo la kuhara, akakonda, akakosa masomo kwa siku nyingi. Ndipo ilipojulikana kwamba yale maji ya nyumbani alikuwa akiyamwaga njiani, kisha akienda kunywa mtoni pamoja na wenzake. Alipoulizwa sababu alijibu, "Mama, chupa yanuka."

"Itanukaje," akasema mama, "nami naiosha kwa sabuni kila siku?"

Nyanya ya mtoto, ambaye maisha yake yote alikuwa mtunzaji wa vibuyu vya maziwa, aliichukua ile chupa, akaifungua, akainusa, kisha akamwuliza mjukuu wake swali moja tu: "Yanuka nini?"

Swali hilo ndilo msingi wa somo letu. Mtu asemaye tu kwamba chupa yanuka hajasema kitu. Lakini asemaye kwamba yanuka maziwa yaliyochacha, au samaki, au ukungu, huyo amekwisha kuikaribia dawa yake, kwa sababu kila harufu ina chanzo chake, na kila chanzo kina njia yake ya kuondolewa.

KWA NINI JAMBO HILI LINATUHUSU

Zamani watu wetu walibeba maji na maziwa katika vibuyu, na kila mama alifundishwa na mama yake namna ya kuvitunza. Siku hizi chupa za kutumia mara nyingi zimeenea mashambani na mijini. Zimeongezeka kwa sababu bei ya maji ya dukani ni ghali kwa mtu anywaye kila siku, na pia kwa sababu ya sheria. Mnamo tarehe 28 Agosti 2017 Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, na tarehe 5 Juni 2020 ikakataza plastiki za kutumia mara moja na kutupa, pamoja na chupa za maji za namna hiyo, katika mbuga za wanyama, misitu, fukwe na sehemu nyingine za hifadhi. Kwa hiyo mgeni aingiaye katika mbuga hana budi kubeba chupa yake ya kudumu.

Jambo hilo ni jema. Lakini chupa ya kudumu ina wajibu ambao chupa ya kutupwa haina, yaani lazima itunzwe. Kibuyu kilikuja kwetu pamoja na mafundisho yake, bali chupa ilikuja peke yake.

HARUFU NI KITU GANI

Harufu si kivuli wala si pepo. Ni chembe ndogo sana, zisizoonekana kwa macho, zinazobanduka kutoka katika kitu na kuruka hewani hata kufika puani mwetu. Kitu kikipata joto, chembe nyingi zaidi huruka. Ndiyo maana chupa iliyoachwa juani au ndani ya matatu mchana kutwa hunuka kuliko ile iliyokaa kivulini, ingawa uchafu uliomo ni ule ule.

Yafuata basi kwamba harufu ikirudi kila baada ya kuosha, kuna kitu ambacho bado kimo ndani na kinaendelea kuitoa. Kukifunika kwa manukato, au kwa sabuni yenye harufu kali, si kukiondoa. Ni sawa na mtu aliyefagia takataka akazificha chini ya mkeka.

MAFICHO MATATU

Kitu hicho kina maficho matatu, na yafaa kila mwenye chupa ayajue.

Ficho la kwanza ni utando. Vijidudu vikipata unyevu na mabaki kidogo ya chakula hujishika katika ukuta wa chupa, hujizungushia ute, na kujenga makao yao humo. Ute huo huvikinga, hata maji ya kusuuza hupita juu yake bila kuving'oa. Ukitia kidole ndani ya chupa ambayo haikusuguliwa kwa siku nyingi utasikia utelezi, nao ndio utando wenyewe. Kuutikisa kwa maji hakutoshi, sharti usuguliwe.

Ficho la pili ni pembe zisizofikiwa: chini ya ule mpira mwembamba wa kifuniko, ndani ya mrija, na katika mizunguko ya shingo ambako kifuniko hukazwa. Hapo mabaki ya maziwa au ya maji ya matunda hukaa bila kukauka, yakaota ukungu mweusi. Wahenga walisema kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mtaka chupa safi sharti afungue kila kinachofunguka.

Ficho la tatu ni mwili wa chombo chenyewe. Kioo na chuma kisichoshika kutu vina uso mgumu usionyonya harufu. Plastiki sivyo. Imejengwa kwa nyuzi ndefu za chembe zilizosokotana, na kati ya nyuzi hizo harufu zenye asili ya mafuta, kama zile za maganda ya machungwa, vitunguu, viungo na mafuta ya taa, huweza kupenya na kukaa. Mpira wa kifuniko hunyonya zaidi. Ndiyo sababu chupa ya chuma huweza kusingiziwa kuwa yanuka, na kumbe mwenye kosa ni mpira wa kifuniko chake.

JARIBIO LA KUFANYA NYUMBANI

Kabla ya kuosha, fanya jaribio hili dogo. Fungua chupa, weka mwili upande mmoja na kifuniko upande mwingine. Uache mwili wa chupa kwanza, unuse kifuniko peke yake. Kisha toa ule mpira kwa kijiti kisicho na ncha kali, nao uunuse peke yake. Baadaye nusa chupa. Mwisho, pitisha kidole safi ukutani kwa ndani kadiri kinavyofika.

Kama harufu iko katika kifuniko, usipoteze soda wala siki kwa kuilowesha chupa. Kama ukuta una utelezi, kazi ni ya burashi. Kama ukuta hauna utelezi, kifuniko hakina kosa, na bado chupa ya plastiki inanuka, basi harufu imeingia katika mwili wake, na hapo ndipo kazi ya kulowesha huanza.

Yule nyanya alifanya hivyo hivyo. Chupa ya mjukuu wake haikuwa na kosa kubwa ukutani. Lakini alipoutoa mpira wa kifuniko, ambao mama hakujua kwamba hutoka, alikuta chini yake duara jeusi lenye utelezi na harufu ya maziwa yaliyooza. Ndipo mama akakumbuka kwamba mwishoni mwa juma chupa ile ile ilitumiwa kubebea maziwa.

KUOSHA KWA KILA SIKU

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kuosha vizuri kila siku ni kuziba ufa, na anayefanya hivyo hatahitaji dawa nyingine mara kwa mara.

1. Mwaga kilichobaki siku ile ile, na usuuze chupa mara moja. Usikiache kinywaji kilale ndani yake usiku kucha.

2. Ikiwa ilikuwa na maziwa au uji wa maziwa, suuza kwanza kwa maji baridi au ya vuguvugu. Maji ya moto sana hugandisha nguvu ya maziwa, ile iitwayo protini, nayo ikashikamana na ukuta wa chupa.

3. Fungua kifuniko, mrija na mpira. Osha kila kimoja peke yake.

4. Tia maji ya moto kiasi na sabuni ya vyombo, usugue kwa burashi yenye mpini mrefu ifikayo mpaka chini. Asiye na burashi aweza kufunga kitambaa safi katika ncha ya kijiti. Watu wengi hutumia mchanga au mawe madogo, lakini vitu hivyo hukwaruza plastiki, na katika mikwaruzo vijidudu hupata vyumba vipya.

5. Suuza kwa maji safi mpaka povu liishe.

6. Ikaushe. Hili ndilo watu husahau kuliko yote. Weka chupa kichwa chini mahali penye hewa, juu ya kichanja cha vyombo, bila kifuniko, mpaka ikauke kabisa. Chupa iliyofungwa ikiwa na unyevu ni shamba lililokwisha kumwagiliwa maji, nalo halitakosa kuota.

Jambo moja zaidi: usimimine maji yanayotokota katika chupa nyembamba ya plastiki. Chupa za namna hiyo, zilizo na namba 1 ndani ya alama ya pembetatu chini yake, hulegea na kupindika kwa joto, na zilitengenezwa kwa ajili ya kutumiwa mara moja. Zisitegemewe kuwa chupa za kudumu.

DAWA KWA KADIRI YA CHANZO

Sasa twaja kwa harufu sugu, ile isiyotoka kwa sabuni. Hapa ndipo swali la nyanya linapofanya kazi.

Harufu ya kuchacha. Maziwa, uji na maji ya matunda yakiharibika hutoa asidi, nazo ndizo zinazonuka uchachu au mafuta yaliyooza. Dawa yake ni kitu kilicho kinyume cha asidi. Chukua kijiko kimoja kikubwa cha soda ya kuokea, ule unga mweupe laini unaouzwa madukani kwa kuumulia keki, ukikoroge katika nusu lita ya maji ya vuguvugu. Jaza chupa, loweka na kifuniko katika bakuli, acha mpaka asubuhi, kisha osha kwa sabuni na kusuuza. Soda hukutana na asidi ikaigeuza kuwa namna ya chumvi, na chumvi hiyo hairuki hewani, kwa hiyo pua haiipati. Angalia usichanganye mambo: soda hii si kinywaji kiitwacho soda, wala si hamira. Tena si yale magadi yachimbwayo katika Ziwa Magadi, ambayo ni makali zaidi kwa ngozi.

Harufu ya samaki. Mtu aliyebebea supu ya samaki katika chupa yake atapata harufu ya namna nyingine, ambayo soda haiiwezi. Hiyo haitoki katika asidi bali katika kinyume chake, na kwa hiyo dawa yake ni asidi. Wapishi wa pwani wamejua jambo hili tangu zamani, maana hukamulia samaki ndimu ili kuvunja shombo. Tumia maji ya ndimu au siki, kipimo kimoja kwa vipimo vinne vya maji. Acha kwa nusu saa, kisha suuza.

Harufu ya chai na kahawa. Themosi hujenga rangi ya kahawia ndani yake, na rangi hiyo hushika harufu. Tia vijiko viwili vidogo vya soda ya kuokea, jaza maji ya moto, uache wazi mpaka yapoe, kisha usugue kwa burashi. Kama ukutani pana ukoko mweupe utokanao na maji yenye chokaa, huo huyeyushwa na siki. Usiizamishe themosi yote ndani ya maji. Chombo hicho, ambacho asili yake ni uvumbuzi wa mtaalamu James Dewar katika mwaka wa 1892, kina kuta mbili, na kati yake hewa imenyonywa. Katika themosi za kioo maji yakipenya kati ya kioo na gamba la nje hayatoki kwa urahisi, nayo huanza kunuka huko yaliko.

Harufu ya ukungu. Ukiona madoa meusi au kijani, au ukisikia harufu ya udongo na koga, sugua kwanza kwa sabuni. Kisha tumia dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, ile isiyotiwa manukato wala rangi, kijiko kimoja cha chai kwa lita moja ya maji baridi. Acha kwa dakika chache, mwaga, suuza vizuri, anika. Usisugue kwanza halafu ukaacha, wala usitie klorini bila kusugua, maana utando huwakinga waliomo. Chupa ya chuma isilale ndani ya klorini, kwa kuwa klorini huweza kula chuma hata kile kisichoshika kutu. Mpira uliokwisha kuota ukungu mpaka ndani ni afadhali ubadilishwe.

Harufu ya machungwa, viungo na vitunguu katika plastiki. Hii ndiyo ngumu kuliko zote, maana imeingia mwilini. Losha kwa maji ya soda usiku mmoja, suuza, kisha uiache wazi penye upepo kwa siku kadhaa. Rudia tena. Harufu ilivyoingia polepole, ndivyo itakavyotoka polepole. Ikiwa baada ya majaribio matatu au manne bado ipo, chupa hiyo na ipewe kazi nyingine isiyo ya kunywea.

HEKIMA YA KIBUYU

Wako wadhaniao kwamba mambo haya yalianza na chupa za dukani. Si kweli. Watu wafugao ng'ombe hapa Kenya walikuwa na elimu ya kuondoa harufu katika vyombo kabla ya plastiki kuzaliwa. Wakalenjin, watengenezao maziwa ya mursik, husafisha kibuyu, kisha huchukua kijinga cha mti kama senetwet na kukisugua ndani mpaka ukuta wote upate vumbi laini la mkaa. Wamaasai hutumia kuni za oloirien, yaani mzeituni wa porini, kuvifukiza vibuyu vyao.

Kazi hiyo ina maana tatu. Joto la kijinga hukausha kibuyu. Moshi una vitu vinavyozuia vijidudu. Na mkaa wenyewe una vitundu vingi mno visivyoonekana, ambavyo hunasa chembe za harufu. Sifa hiyo ya mkaa ilitumiwa hata katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, pale vinyago vya kuwakinga askari na hewa ya sumu vilipotiwa mkaa.

Msomaji asichome chupa yake ya plastiki kwa kijinga, maana itayeyuka! Lakini aweza kuiga sehemu ya hekima hiyo. Chukua vipande vya mkaa safi wa kuni, visivyoguswa na mafuta ya taa, uvifunge katika kitambaa chembamba, uvitie ndani ya chupa iliyokwisha kuoshwa na kukauka, ufunike, uache usiku mmoja au miwili. Kisha toa mkaa na kusuuza chupa. Njia hii husaidia kupunguza harufu iliyobaki, lakini haiui vijidudu, kwa hiyo haishiki mahali pa sabuni na burashi.

MAONYO MATATU

Onyo la kwanza. Usichanganye kamwe dawa ya klorini na siki, ndimu au dawa nyingine yoyote ya usafi. Klorini ikikutana na asidi hutoa hewa ya sumu inayochoma macho na mapafu. Ukitaka kutumia moja baada ya nyingine, suuza chombo kwa maji mengi katikati.

Onyo la pili. Watu wengine humimina soda ya kuokea na siki pamoja, wakaona povu wakafurahi. Povu hilo ni hewa tu inayotoka, na vitu hivyo viwili vikiisha kupigana huachana vyote vikiwa vimechoka, yakabaki maji ya chumvichumvi yasiyo na nguvu ya soda wala ya siki. Tena mtu akifunga kifuniko wakati huo, hewa hukosa njia, na chupa yaweza kupasuka mkononi mwake.

Onyo la tatu. Chupa isiyonuka si hakika kwamba maji yaliyomo ni salama. Vijidudu vya kipindupindu havina harufu. Kuondoa harufu kunasafisha chombo, bali maji nayo hayana budi kuchemshwa au kutiwa dawa ya maji kwa kipimo kilichoandikwa. Chombo kichafu huharibu maji safi, na maji machafu huharibu chombo safi. Yote mawili huenda pamoja kama miguu miwili ya mtu mmoja.

CHUPA ISIYOFAA KUNYWEWA KAMWE

Tumesema kwamba kila harufu ina njia yake. Iko harufu moja ambayo njia yake ni kuikataa tu. Nayo ni ile ya chupa au mtungi uliowahi kutiwa mafuta ya taa, petroli, dawa ya josho la ng'ombe, dawa ya kuua magugu au ya kuua wadudu wa mimea.

Mtungi wa namna hiyo huwa mzuri kwa macho, wenye mpini imara na kifuniko kizuri, na mtu mwenye haja ya chombo cha maji hushawishika kuuosha mara kumi na kusema kwamba sasa hauna harufu. Ajihadhari! Plastiki iliyonyonya sumu huirudisha polepole katika maji, na pua ya mtu huzoea harufu hata isiisikie tena. Kwisha kwa harufu si kwisha kwa sumu. Debe la dawa ya shamba lisuuzwe mara tatu, na maji yake yarudishwe katika bomba la kunyunyizia yakatumike shambani. Kisha litobolewe ili mtu mwingine asije akalichotea maji, na afisa wa kilimo aulizwe mahali pa kulipeleka.

Vivyo hivyo, usitie mafuta ya taa katika chupa ya soda au ya maji. Mtoto hajui kusoma alama, yeye huijua chupa kwa umbo lake, naye hunywa. Ikitokea bahati mbaya hiyo, mtoto asilazimishwe kutapika, kwa kuwa mafuta yakirudi njia ya koo huweza kuingia mapafuni na kumdhuru zaidi. Akimbizwe hospitali mara moja, na chupa yenyewe ichukuliwe ili mganga aione.

MWISHO WA HABARI YA MTOTO

Mama wa yule mtoto hakununua chupa nyingine. Aliosha ile ile kama alivyoelekezwa na mkwewe, akailoweka kwa soda usiku mmoja, akabadilisha mpira wa kifuniko, akaianika. Tena aliweka kanuni nyumbani mwake: chupa ya maji ni ya maji, na chombo cha maziwa ni cha maziwa. Asubuhi ya kwanza mtoto aliifungua chupa mbele yake, akainusa kwa muda mrefu kama mzee anusaye tumbaku, kisha akasema, "Haina neno," akaenda zake shuleni. Alipoona wenzake wakielekea mtoni aliwaambia kwamba yeye ana maji yake.

Basi, msomaji, leo jioni chukua chupa ya kila mtoto wa nyumba yako, uifungue, uinuse. Usimkaripie mtoto anaposema kwamba maji yananuka, maana pua ya mtoto haisemi uongo, naye amekuletea habari ambayo ingekugharimu pesa nyingi kuipata hospitalini. Muulize tu kama alivyouliza yule nyanya.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini chupa iliyoachwa juani hunuka kuliko iliyokaa kivulini?

2. Taja maficho matatu ya harufu, na ueleze namna ya kutambua kila moja.

3. Chupa yanuka maziwa yaliyochacha, na nyingine yanuka samaki. Utatumia dawa gani kwa kila moja, na kwa sababu gani?

4. Kuna hatari gani katika kuchanganya klorini na siki?

5. Jirani yako ameosha mtungi wa dawa ya josho mpaka hauna harufu, naye ataka kuchotea maji. Utamwambia nini?

Yafaa maswali haya yasomwe kwa sauti nyumbani au katika chama cha akina mama, na kila mtu ajibu kwa maneno yake mwenyewe. Atakayeyajibu yote bila kurudi nyuma kutazama, huyo ameiva, naye na amfundishe jirani yake.